Hesabu Mabawa Kwanza: Namna ya Kumtazama na Kumtambua Nzi-maua

Mwezi mzima wa kwanza nilimwandika kwa jina la mwenzake. Daftari langu la bustani, hapa Morogoro chini ya milima ya Uluguru, lina ukurasa uliojaa maneno yale yale: "Nyuki mdogo, mistari ya njano, kwenye giligilani." Siku moja nikampelekea picha mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ugani, nikijisifu kwamba bustani yangu imepata nyuki. Akajibu kwa maneno mawili tu: "Hesabu mabawa." Nikaikuza picha. Mabawa yalikuwa mawili. Nyuki ana manne.

Macho yangu hayakuwa na kasoro. Nilidanganywa na mdudu anayeishi kwa kudanganya, tena anayewadanganya ndege wenye macho makali kuliko yangu. Tangu siku ile nimejizoeza kumuuliza maswali kwa mpangilio, moja baada ya jingine, bila kulirukia jina. Mpangilio huo ndio ninaotaka kukuachia hapa, pamoja na saa nzuri ya kutoka, mahali pa kusimama na vitu vya kubeba.

Ni nani huyu?

Kiswahili hakina jina moja ambalo watu wote wamelikubali kwa mdudu huyu. Kuna wanaomwita nyuki, kuna wanaomwita nyigu, na wengi humwita nzi tu wakapita. Hapa nitamwita nzi-maua, maana mauani ndiko anakoshinda. Familia yake kitaalamu ni Syrphidae. Duniani zimeshaelezwa spishi zaidi ya 6,000, na katika Afrika kusini mwa Sahara ni takriban 600.

Hana mwiba wala sumu. Njano na nyeusi yake ni vazi la kuazima: ndege aliyewahi kuchomwa na nyigu humwona mwenye mistari akamwacha apite. Akitua mkononi mwako usimpige, analamba jasho kwa ajili ya chumvi na maji yake.

Anastahili kutazamwa hata na mtu asiye na habari na wadudu, kwa kuwa maisha yake yana sura mbili. Mkubwa hula chavua na mbochi, na katika kula huko huchavusha maua. Mtoto wake, yaani buu, ana kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo hutegemea aina. Mabuu wa aina nyingi hula vidukari, wale ambao wakulima wengi wa Tanzania huwaita wadudu mafuta. Wengine huishi katika maji machafu, samadi au magogo yanayooza, na wachache hujificha katika viota vya sisimizi. Kwa hiyo ukishalijua kundi la nzi-maua uliyemwona, umejua pia kuna nini hapo karibu: vidukari kwenye kunde, au mtaro uliotuama nyuma ya banda.

Vitu vya kubeba

Orodha ni fupi. Chukua daftari na penseli (kalamu ya wino huchuruzika umande ukiugusa ukurasa), simu yenye kamera, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ongeza chupa angavu ya plastiki yenye mdomo mpana, kama zile za siagi ya karanga. Wavu wa kukamatia vipepeo unasaidia lakini si lazima, na anayeanza na wavu mara nyingi hujifunza kukamata kabla ya kujifunza kutazama.

Kwenye ukingo wa daftari chora mistari ya rula ya milimita 5, 10 na 15. Urefu wa mdudu ukikisiwa kwa jicho huongezeka kila unaposimuliwa. Ukiwa na mistari hiyo pembeni utaandika "kama milimita 9" na utakuwa karibu na ukweli.

Saa na mahali

Nzi-maua anahitaji joto ili misuli ya mabawa ifanye kazi, lakini jua la utosini humkimbiza. Kwangu saa nzuri ni kati ya saa mbili na nusu na saa tano asubuhi, jua likishakausha umande. Mapema zaidi ya hapo utawakuta wametulia juu ya majani wakiota jua, na huo ndio wakati rahisi wa kupiga picha. Adhuhuri wengi huhamia kivulini, kisha kuanzia saa tisa na nusu alasiri hurudi kwa kiasi. Siku ya upepo mwingi kaa nyumbani, au tafuta upande wa ua uliokingwa.

Kwa misimu, wiki zinazofuata mwanzo wa mvua za masika au za vuli ndizo zenye neema. Majani mabichi huleta vidukari, na vidukari huleta nzi-maua wanaotafuta pa kutagia.

Maua yana uzito kuliko yote. Nzi-maua wengi wana ulimi mfupi, kwa hiyo wanapenda maua madogo yaliyo wazi, ambayo chavua yake iko juu kama chakula kilichopakuliwa kwenye sinia. Giligilani iliyochanua haina mpinzani. Zinazofuata ni shamari, haradali, sukuma wiki iliyoachwa ikatoa maua ya njano, karoti iliyosahaulika shambani, mrehani na alizeti. Na usiidharau kishona nguo inayokushika suruali njiani: maua yake meupe yenye kitovu cha njano huwalisha nzi-maua hata wakati bustani haina kitu. Palizi inayosafisha kila jani la pembeni hufunga hoteli hiyo.

Maua si mahali pekee. Mfuatilie pia kwenye mtaro wa maji machafu, kwenye lundo la mboji, na penye uwazi wa jua chini ya mti. Hapo chini ya mti utawakuta madume wakisimama hewani kama wameninginizwa kwa uzi, kila mmoja akilinda eneo lake. Mabawa yao hupiga zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na mwili hautikisiki. Okota kijiwe kidogo kama punje ya choroko ukirushe taratibu mbele ya dume. Mara nyingi atakifukuza, agundue si jike wala mpinzani, kisha arudi pale pale alipokuwa.

Namna ya kumkaribia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku kwetu msemo huo ni maagizo ya kazi. Nzi-maua anakuona vizuri ukiwa umesimama wima mbele ya anga. Piga goti, shuka hadi kimo cha maua, halafu usogee polepole ukihakikisha kivuli chako hakimfuniki. Kivuli kikimgusa tu, ameondoka.

Akiruka usimfuate. Wengi huzunguka na kurudi kwenye ua lile lile au la jirani ndani ya dakika moja. Mimi huchagua shada moja la giligilani, nikakaa kwenye kigoda dakika 15, nikaandika kila anayetua. Njia hii imenionyesha aina nyingi kuliko asubuhi nzima ya kuzunguka shamba zima.

Ukihitaji kumwona kwa karibu, mfunike na chupa akiwa juu ya ua, ziba polepole kwa kifuniko, kisha umweke mahali pa baridi dakika chache. Hata friji inafaa, mradi usimsahau humo. Ubaridi humtuliza, ukapata dakika mbili tatu za kumkagua kwa lenzi kabla hajapata joto na kuondoka zake. Mwachie pale pale ulipomchukua. Ndani ya hifadhi yoyote usikamate wala usichukue kitu bila kibali, kutazama na kupiga picha kunatosha.

Swali la kwanza: ni nzi kweli?

Hesabu mabawa. Nzi wa aina zote wana jozi moja. Nyuma yake, palipokuwa pa jozi ya pili, wana vijiti viwili vyenye kichwa kama rungu ndogo, vinavyowasaidia kushika mizani angani.

Ila hapa kuna mtego ulioninasa tena hata baada ya somo la mzee. Nyuki na nyigu huunganisha bawa la mbele na la nyuma kwa vikulabu vidogo sana, na akiwa hai manne yale huonekana kama mawili. Kwa hiyo, baada ya mabawa, tazama kichwa. Papasi za nyuki ni ndefu, zina kiwiko, na huchezacheza mbele yake. Za nzi-maua wengi ni fupi na nene, zenye unywele mmoja uliochomoza, na huwezi kuziona kwa mbali. Macho ya nyuki yako pembeni ya kichwa, ya nzi-maua yamejaa karibu kichwa chote. Na nyuki mfanyakazi anayekusanya chavua huibeba kama donge kwenye miguu ya nyuma. Nzi-maua hana kikapu hicho.

Swali la pili: ni nzi-maua, au jamaa mwingine?

Wapo nzi watatu wanaowakoroga wanaoanza.

Wa kwanza ni nzi wa matunda, na kumkosea huyu ni hasara. Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi barani, ana milia ya njano kifuani na kiuno kama cha nyigu. Ukimtazama vizuri utaona alama nyeusi kama herufi T juu ya tumbo, ukanda mwembamba wa kahawia kwenye ukingo wa mbele wa bawa, na kwa jike mkia uliochongoka wa kutobolea tunda. Yeye hutembeatembea juu ya embe au pera. Nzi-maua hana haja na embe lako zima, anataka ua.

Wa pili ni nzi wenye manyoya mengi na mdomo mrefu ulionyooka mbele kama sindano, wa familia ya Bombyliidae. Nao husimama hewani, lakini mdomo ule hauwezi kukunjwa ukafichika.

Wa tatu ni nzi wa kijani wa chooni na machinjioni. Huyu ana vinywele vikali vilivyosimama mgongoni. Nzi-maua wengi wana mwili laini au wenye manyoya mororo, bila miiba hiyo.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye bawa. Shika lenzi, au kuza picha ya bawa lililotanuka. Katikati yake utaona mstari unaopita sambamba na mishipa mingine bila kuunganika na chochote mwanzoni wala mwishoni. Ni mkunjo mgumu wa bawa, na wataalamu huuita mshipa wa uongo. Karibu nzi-maua wote wanao. Kisha angalia ukingo wa nje wa bawa: mishipa yao hupinda na kwenda sambamba na ukingo, kama pindo la kanga, badala ya kuufikia. Ukiviona vyote viwili, umempata.

Swali la tatu: ni wa kundi gani?

Hapa wengi hukimbilia rangi. Ngoja kwanza. Nzi-maua aliyekulia kwenye baridi huweza kutoka mweusi zaidi kuliko ndugu yake wa joto, na aliyekosa chakula akiwa buu hutoka mdogo. Rangi na ukubwa ni mashahidi, lakini wasikilize mwisho. Anza na mambo manne haya.

Umbo la tumbo: ni bapa na pana, limenyooka pande zote mbili, au limebanwa kama kiuno?

Mshipa wa bawa: upo mshipa mrefu unaoelekea ncha ya bawa. Je, umepita karibu umenyooka, au umezama katikati kama bakuli? Ukizama sana, karibu hakika uko kwenye ukoo wa Eristalis na jamaa zake, wale ambao mabuu wao huishi majini.

Macho: yana madoa, milia, au manyoya? Yanakutana juu ya kichwa au yametengana? Kwa aina nyingi macho yanayokutana ni ya dume, na yaliyotengana ni ya jike. Wapo madume wachache wanaovunja kanuni hii, kwa hiyo andika "huenda dume".

Miguu ya nyuma: paja ni la kawaida au limevimba?

Baada ya hayo ndipo uandike rangi, tena kwa sehemu: uso, kifua, kile kipande cha nusu duara nyuma ya kifua, kisha kila pingili ya tumbo kutoka mbele kwenda nyuma. "Ana mistari ya njano" ni maelezo ya nusu ya wadudu wa shambani. "Pingili ya pili ina madoa mawili yaliyotengana, ya tatu ina mkanda kamili" ni maelezo ya mdudu mmoja.

Wale utakaokutana nao

Ischiodon aegyptius ndiye mwenyeji wa bustani nyingi za mboga barani Afrika, na ndiye niliyemwita nyuki. Ana milimita 8 hadi 10, kifua cheusi kinachong'aa chenye mstari wa njano kila upande, na tumbo jeusi lenye njano: mbele madoa mawili yaliyotengana, nyuma yake mikanda iliyopinda. Dume ana alama isiyo ya kawaida, kijino kirefu karibu na shina la mguu wa nyuma, na jina la jenasi limetokana nacho. Mabuu wake hula vidukari.

Allograpta ni mwembamba na mdogo kuliko yeye. Tazama mwisho wa tumbo: badala ya mikanda iliyonyooka kuna alama za njano zilizolala mshazari.

Betasyrphus ni mweusi zaidi, mwenye mikanda myembamba iliyofifia. Ukimweka chini ya lenzi utaona macho yake yana manyoya. Huyu naye ni rafiki wa anayelima mboga.

Paragus utamkosa usipopiga goti. Ana milimita 4 hadi 6, tumbo limenyooka pande zote mbili, jeusi au lenye wekundu, na macho yake yana manyoya yaliyojipanga kwa milia. Hupita chini chini kati ya magugu.

Asarkina ana tumbo pana bapa la njano au rangi ya chungwa, lililokatwa kwa mistari myembamba myeusi, kana kwamba amebanwa kitabuni.

Eristalinus ndiye mrembo wao. Macho yake yamepambwa: aina nyingine zina madoa yaliyotawanyika, na Eristalinus taeniops ana milia ya wima iliyo wazi hata kwa picha ya simu. Mshipa wa bawa umezama. Ukimwona, kuna maji yenye uchafu mahali fulani karibu.

Phytomia ni mkubwa, mpana, na mvumo wake mzito utakufanya ugeuke ukidhani ni nyuki dume. Yeye na jamaa yake Eristalis tenax, aliyeenea karibu dunia nzima, ndio wanaodanganya watu zaidi kwa sura ya nyuki. Kwa Eristalis tenax, tafuta milia miwili ya manyoya meusi inayoshuka juu ya macho.

Syritta ni mwembamba, mwenye mapaja ya nyuma yaliyovimba kama ya panzi. Lundo la mboji au samadi ndilo uwanja wake.

Rhingia ana uso uliochongoka mbele kama mdomo wa birika, na chini yake umefichwa ulimi mrefu unaofika ndani ya maua marefu ambayo wenzake hawayawezi.

Ceriana atakutia hofu: kiuno cha nyigu, rangi za nyigu, na papasi ndefu zilizoinuliwa juu ya kijiti usoni. Rudi kwenye mabawa. Ni mawili.

Walio pwani wamtafute Ornidia obesa penye taka za matunda na vyoo vya shimo. Asili yake ni bara la Amerika, na sasa ameenea katika nchi nyingi za joto. Anang'aa kijani kama nzi wa chooni, ila husimama hewani na bawa lake lina doa jeusi kwenye ukingo wa mbele.

Watafute watoto

Anayetazama wakubwa tu amesoma nusu ya habari. Geuza jani la kunde au la sukuma wiki lenye vidukari. Kati yao huenda ukaona yai jeupe, lenye umbo la punje ya mchele, lisilofika hata milimita moja na nusu, limelazwa peke yake. Jike hutaga karibu na chakula ili mtoto asitembee mbali.

Buu anayetoka hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Mbele amechongoka, nyuma mnene, na ngozi yake ni angavu kiasi kwamba unaona matumbo yakisogea. Rangi huwa ya kijani, kahawia au ya maziwa. Akimgusa kidukari humnasa, humwinua juu, akamfyonza mpaka libaki ganda. Mmoja humaliza mamia kabla ya kukua.

Wakulima wengi humpulizia dawa buu huyu wakidhani ni kiwavi. Tofauti ni rahisi: kiwavi ana kichwa kigumu, ana miguu, na huacha jani limetoboka. Buu wa nzi-maua huacha jani zima na maganda ya vidukari.

Ukitaka uhakika wa jina, mfuge. Weka jani lenye vidukari na buu mmoja ndani ya chupa, funika kwa kitambaa chepesi, badilisha jani kila siku. Siku moja atatoa uchafu mweusi mwingi, kisha atajibandika na kuwa ganda lenye umbo la tone la maji. Baada ya wiki moja au mbili fungua macho. Mkubwa akitoka, mpe saa kadhaa mabawa yakauke na rangi zikolee, umpige picha, umwachie.

Na usishangae ganda likitoa kitu kingine. Mara ya tatu nilipofuga, alitoka nyigu mdogo mwembamba badala ya nzi. Wapo nyigu kama Diplazon laetatorius ambao hutaga ndani ya yai au buu wa nzi-maua, na mtoto wao humla mwenyeji kutoka ndani. Andika hilo pia. Ni sehemu ya bustani.

Mabuu wa akina Eristalinus hawako majanini. Chungulia kwenye maji yaliyotuama nyuma ya banda la ng'ombe: utaona funza wenye mkia mrefu mwembamba unaofika juu ya maji. Huo ni mrija wa kupumulia, na hurefuka au kufupika kwa kina cha maji. Wa jenasi Microdon ndio wa ajabu zaidi. Huishi katika viota vya sisimizi wakiwa duara na wamejibandika chini, na katika karne ya 19 wataalamu waliwahi kumwelezea buu huyu kama aina ya konokono asiye na gamba. Nilipolisoma hilo, aibu ya "nyuki mdogo" ilinipungua.

Picha na kumbukumbu

Piga picha nne kwa kila mdudu ukiweza: kutoka juu, kutoka ubavuni, usoni, na moja ya bawa lililotanuka. Ya juu huonyesha pingili za tumbo, ya ubavuni huonyesha miguu, na uso hutenganisha aina ambazo migongo yao ni mapacha. Anza kupiga ukiwa mbali, sogea hatua moja, piga tena. Akiruka mapema angalau unayo ya kwanza.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, mahali, ua alilotua, alichokuwa akifanya, urefu, jinsia kama unaiona, na sababu ya jina ulilompa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachokuokoa mwakani utakapotaka kujua ulikosea wapi.

Ukiwa na simu yenye intaneti, iNaturalist hupokea picha na kuziweka mbele ya watu wanaojua. Chukulia pendekezo la programu kama uvumi wa sokoni: huenda ni kweli, lakini ulizia. Huweza kukupa spishi ya Ulaya kwa mdudu wa Dodoma. Kwa anayesoma Kiingereza na kutaka kwenda mbali, juzuu la tatu la "Manual of Afrotropical Diptera", lililotoka mwaka 2021, lina ufunguo wa kutambulisha jenasi za nzi-maua wa Afrika, na linapatikana bure mtandaoni.

Simama ushahidi unaposimama

Aina nyingi haziwezi kutenganishwa kwa picha. Wataalamu wenyewe huhitaji hadubini na viungo vya uzazi vya dume ili kuwatofautisha baadhi ya Paragus. Kwa hiyo jenasi ikiandikwa kwa sababu zake ina thamani kuliko spishi iliyobahatishwa. Jina la kubahatisha haliishii daftarini mwako. Mwingine atalinukuu, na kesho nzi asiyekuwepo atakuwa amezaliwa kwenye ramani.

Ukurasa wangu wa "nyuki mdogo" sikuuchana. Nimeupigia mstari mmoja mwembamba, maneno ya zamani bado yanasomeka, na juu yake nimeandika Ischiodon. Leo asubuhi nimeongeza mwingine chini: "Saa tatu na robo, kishona nguo kando ya uzio. Milimita 5. Mabawa mawili. Paragus, jike. Spishi: bado."